Mlango wa Dereva

Mlima ulitapika moto Jumamosi, na kufikia Alhamisi Goma nzima ilikuwa barabarani. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka wa 2021. Redio ilitangaza asubuhi kwamba watu watoke, kwamba moto unaweza kupasukia chini ya mji, na sisi watu wa Goma, ambao kwa kawaida hatumsikilizi mtu, siku hiyo tulisikiliza. Magodoro, mbuzi, masufuria, nyanya za watu juu ya pikipiki, vyote vilielekea Sake. Ardhi ilitetemeka kila baada ya muda mfupi, na kila ikitetemeka watu waliita Yesu kwa pamoja, halafu wakaendelea kusukumana.

Pale Ndosho, katikati ya msongamano, palikuwa na Toyota Carina ya zamani ya rangi ya maziwa, imebeba magodoro matatu juu ya paa. Usukani alishika Émérance, mwalimu wa shule ya msingi, Mnande wa Butembo aliyekulia hapa mjini, mtaa wa Keshero. Alivaa kitenge cha kijani chenye maua ya njano, na kitambaa hichohicho kichwani. Jasho lilimtiririka shingoni na bado alikuwa mzuri mpaka inaudhi. Pembeni yake alikaa kaka yake Kambale, mfanyabiashara wa sabuni na mafuta ya kupikia kutoka mpakani Bunagana, akitafuna karanga kama mtu aliyekuja kutazama mpira. Nyuma alikaa mama yao na rozari yake. Baba yao alikuwa amekufa zamani. Gari hilo lilikuwa lake.

"Songa mbele," Kambale alisema.

"Nisonge wapi? Niruke?"

Ardhi ikatetemeka. Paa! Kitu kizito kiligonga bawa la mbele la gari, lile bati la juu ya gurudumu. Émérance aliruka nje kabla mama yake hajamaliza kusema Maria.

"Weye! Uko kipofu?"

Aliyeulizwa alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyojaa madoa ya rangi zote za magari ya mji huu. Alikuwa anasukuma chukudu, ile pikipiki yetu ya mbao isiyo na injini, na juu yake alikuwa amefunga kompresa, chupa ya gesi na sanduku la nyundo. Pembe ya kompresa ndiyo iliyoingia kwenye bawa.

"Samahani, mama."

"Mama ya nani? Nilikuzaa?"

"Samahani, mademoiselle. Ni udongo ilitetemeka, mimi sikufanya kitu."

"Aka! Leo kila mutu anasingizia volkano!"

Kambale alicheka mpaka karanga zikamtoka mdomoni. Yule kijana alipiga magoti, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya bati lililobonyea, taratibu, akienda na kurudi.

"Dakika kumi," alisema.

"Utatengeneza hapa? Watu wanakimbia moto!"

"Wanakimbia? Angalia muzuri, mademoiselle. Wamesimama."

Na kweli walikuwa wamesimama. Akatoa nyundo ndogo na tasi, kile kipande cha chuma cha kushika mkononi, akauingiza mkono wa kushoto chini ya bawa na kuanza kugonga kwa mkono wa kulia. Hakugonga katikati. Alizunguka pembeni mwa bonyeo, tik, tik, tik, akakaribia ndani kidogo kidogo.

"Juu ya nini haupigi pale penye shida?" Émérance aliuliza. Hakutaka kuuliza, lakini aliuliza.

"Ukianza katikati, bati inakunjika na haitanyooka tena. Katikati ni ya mwisho. Unaanza pembeni, pole pole, mpaka yenyewe inachoka kukataa."

"Umesikia?" Kambale alimwambia dada yake. "Huyu njo atakuweza."

"Kambale!"

"Kijana, jina lako nani?"

"Théogène Harelimana. Tolié, fundi wa bati za magari. Niko na kazi yangu hapa Ndosho, nyuma ya soko."

"Andika namba ya dada yangu. Gari ikibonyea tena tutakuita."

"Kambale, nitakupiga!"

Mwaka huo gari halikubonyea tena, lakini simu ilipigwa. Aliyepiga kwanza ni Émérance, na hilo alilikana mpaka mwisho.

Watu waliporudi mjini, nyumba zilizobaki zilibaki na maisha yakaendelea. Théogène alikuwa anakuja Keshero kila Jumapili alasiri, ovaroli ameiacha Ndosho, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata. Walikuwa wanatembea hadi ziwani kula sambaza za kukaanga, na njia nzima walikuwa wanatukanana kwa upendo.

"Mikono yako inanukia rangi," Émérance alikuwa anamwambia.

"Na yako chaki. Tukioana watoto watazaliwa na rangi yao tayari."

"Nani alikuambia nitakuoa?"

"Kaka yako."

Ilikuwa kweli. Kambale ndiye mkubwa wa nyumba, na Kambale alikuwa amemkubali tangu siku ya karanga. Alimwita shemeji mbele za watu bila aibu. Siku moja alimkalisha uani akamwambia, "Sikiliza. Sisi Wanande, mahari ni mbuzi. Si ng'ombe. Nyinyi watu ya Rutshuru munapenda kuleta ng'ombe, na ng'ombe tutamuweka wapi hapa Keshero, kwenye mawe? Mbuzi kila mumoja iko na mwenyewe. Wa mama, wa bibi, wa baba mudogo. Ule wa kwanza ni wa baba, na baba hayuko, kwa hiyo kamba yake nitaishika mimi."

"Nitakuletea mwenye ndevu," Théogène alisema.

"Mwenye ndevu na adabu. Tutapanga siku nikirudi kutoka Bunagana."

Hakurudi. Mwezi wa sita wa 2022 waasi waliingia Bunagana. Kambale alikuwa huko na ile Carina. Simu yake iliita mara moja asubuhi, halafu haikuita tena. Émérance alipiga mpaka kidole kikauma. Théogène mwenyewe alikuwa na mama yake huko Rutshuru. Yule bibi alitembea siku tatu na godoro kichwani, na alipofika Kanyaruchinya, kwenye kambi ya wakimbizi, alikuwa hajui hata siku ni ipi. Kwao walisema Kinyarwanda, lugha ya wengi wa wale waasi, lakini vita haikuuliza mtu anasema lugha gani nyumbani.

Baada ya wiki tatu, lori moja la viazi lilisimama mbele ya geti la Keshero. Juu yake ililala Carina. Dereva wa lori alisema aliikuta mtaroni, njia ya Bunagana, akaijua kwa kibandiko cha parokia kwenye kioo. Viti vilikuwa vimeng'olewa, magurudumu yameibwa, betri hakuna. Paa lilikuwa limebonyea, boneti imekunjika, na kwenye mlango wa dereva palikuwa na matundu matano ya risasi.

Mama Kambale alilizunguka gari mara mbili. Halafu akapiga makofi.

"Gari imerudi!" alisema. "Kama gari imerudi, mwenyewe iko njiani!"

Baba mdogo, Papa Ferdinand Sikuli, mzee wa kofia na fimbo, alisema waliipiga ikiwa tupu. Kambale ni mjanja, alikuwa ameshashuka akakimbilia porini, pengine yuko Uganda, pengine ameibiwa simu. Majirani walisema ndiyo, ndiyo. Nani angesema hapana mbele ya mama yule?

"Théo," mama alisema, "mutoto yangu, utaitengeneza. Nataka akirudi aikute vile aliiacha."

Gari lisilo na magurudumu haliendi gereji. Théogène alileta gereji Keshero. Aliliinua juu ya mawe manne meusi, akafunga turubai kwenye mti wa parachichi, akaanza kazi uani, mbele ya jiko la mama.

Alianza na paa, siku mbili. Siku ya tatu alikuja kwenye mlango. Émérance alikuwa shuleni, na mama alikuwa ameenda misa ya asubuhi. Théogène alitaka tu kujua risasi zilipita wapi, ili ajue akate bati kiasi gani. Ndiyo kazi. Mlango wa upande wa pili ulikuwa na matundu mawili. Alichukua uzi wa fundi mwashi, akaupitisha kwenye tundu la mlango wa dereva hadi tundu la upande wa pili, akauvuta. Ulinyooka. Wa pili nao ukanyooka. Kama mlango ungekuwa wazi, kama mtu angekuwa ameshashuka na kukimbia, matundu yasingeonana hivyo. Mlango ulikuwa umefungwa.

Alitafuta kreti tupu ya bia, akaiweka mahali pa kiti cha dereva, akaikalia. Nyuzi mbili zilipita mbele ya kifua chake, juu kidogo ya usukani. Akachukua fimbo nyembamba ya chuma, akaisukuma kwenye tundu la tatu, akifuata upande bati lilivyopindia. Ncha ilifika kwenye mbavu zake. Tundu la nne, mbavu. La tano, chini ya kwapa.

Risasi tano ziliingia. Mbili zilitoka. Tatu hazikutoka, na sponji ya kiti haizuii risasi; ndani ya gari hapakuwa na kingine cha kuzizuia ila mwili wa mtu.

Alikaa kwenye ile kreti, fimbo imemgusa kwapani, akalia bila sauti, kwa sababu Kambale alikuwa rafiki yake.

Geti lilipolia alizivuta nyuzi haraka, akashuka. Émérance aliingia na daftari za wanafunzi, vidole vimejaa chaki. Aliona macho yake mekundu.

"Ni msasa," Théogène aliharakisha kusema. "Vumbi."

Émérance alikuja karibu, akaegemea gari. Akauliza polepole, kama mtu anayeweka yai mezani, "Théo. Weye unajua chuma. Niambie ukweli. Ilikuwa tupu?"

Uzi bado ulikuwa mkononi mwake. Angeweza kuupitisha tena, angeweza kumkalisha pale kwenye kreti. Alimtazama. Tangu mwezi wa sita hakuwa amemwona anakula sahani nzima, mpaka gari liliporudi.

"Ilikuwa tupu, chérie," alisema. "Risasi ilipita tu."

Basi. Ukitaka kumhukumu, mhukumu, mimi sikuzuii. Lakini ukae kwanza mbele ya mtu unayempenda ukaone maneno yanavyokuwa mazito. Émérance alimkumbatia na ovaroli yake yote, akalia kwa furaha kwenye madoa ya rangi.

Na sasa ndipo Théogène alipofanya kosa ambalo fundi wa bodi pekee angeweza kulifanya. Mwingine angedanganya kwa mdomo na kuishia hapo. Yeye alidanganya kwa mikono. Alikata viraka vitano vya bati, akavilehemu kwa gesi kwa matone madogo ili mlango usipinde kwa joto. Akagonga na kugonga, akapima kwa kiganja huku amefumba macho. Aliweka mastiki nyembamba, ile lami ya kusawazishia bati, akaipiga msasa mkavu, akaipiga msasa wa maji, akaweka nyingine. Akachanganya rangi ya maziwa mara nne mpaka ikafanana na ile ya marehemu baba yao. Wiki tatu. Upande wa pili vilevile. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya vizuri kama ile.

Mama Kambale alipitisha mkono juu ya mlango, akatafuta, hakukuta kitu.

"Hata yeye hatajua," alisema. "Mungu akubariki hii mikono."

Théogène aliomba maji ya kunywa.

Miezi ikapita. Mji ulijaa wakimbizi, vita ikasogea, ikarudi, ikasogea. Kila Jumapili baada ya misa Émérance alipiga namba ya Kambale, na sauti ya yule mwanamke wa mtandao ilimwambia kwamba namba haipatikani. Unité za simu zikimwishia, Théogène ndiye aliyemnunulia. Alikaa pembeni yake, akamshika bega, akasikiliza naye.

"Leo iliita kidogo," Émérance alisema siku moja, macho yamewaka. "Wallai iliita! Ulisikia?"

"Nilisikia," Théogène alisema. Hakuwa amesikia kitu.

Mwaka wa 2023 alivaa suti, akawachukua wajomba zake wawili, akaenda kwa Papa Ferdinand kuomba rasmi. Walipokelewa vizuri, walipewa soda na kuku. Halafu mzee akaweka kofia gotini.

"Kijana, hatukukatai. Tunakupenda. Lakini mbuzi wa kwanza kamba yake inashikwa na Kambale. Kambale hayuko, na hatukumulilia. Nikishika ile kamba mimi, nitakuwa nimemuzika. Ngoja arudi."

"Na kama hatarudi, papa?"

"Atarudi. Gari si ilikuwa tupu? Weye mwenyewe ulisema."

Alipotoka, Émérance alikuwa anamngoja getini, amevaa gauni la bluu alilolishona kwa ajili ya siku hiyo.

"Walisema nini?"

"Tungoje."

"Basi tutangoja, moyo wangu. Kambale akirudi tutamufokea pamoja, tumwambie alituzeesha." Akamrekebisha tai. "Mbona unanitazama hivyo? Kama umechoka na mimi sema."

"Sijachoka na weye."

"Basi cheka kidogo. Uso kama mutu anaenda mahakamani!"

Mwezi wa kwanza wa 2025 mabomu yalianza kusikika kutoka upande wa Sake. Majirani wa Keshero walianza kufunga vitu. Binamu yao Charline alipiga simu kutoka Butembo: njooni, mnangoja nini? Mama Kambale alikataa. Alisema hatoki. Mtoto wake akija na kukuta geti limefungwa, atakwenda wapi? Émérance alisema hawezi kumwacha mama. Risasi zilikuwa zinaanguka kwenye bati za watu, na wanawake wawili walikuwa wamekaa ndani kumngoja mtu ambaye Théogène alijua hatakuja.

Jumapili hiyo alikuja mapema. Walikuwa wote uani: mama, Émérance, Papa Ferdinand. Alisimama kando ya Carina, akasema yote. Uzi. Kreti. Fimbo. Mlango uliofungwa.

Halafu Papa Ferdinand akainuka.

"Sasa nimeelewa. Tulikunyima arusi mupaka Kambale arudi. Sasa umechoka kungoja, unamuua kwa mudomo."

"Papa, nilipima na hii mikono."

"Onyesha! Matundu iko wapi?" Mzee aligonga mlango kwa fimbo. Rangi ilikuwa inang'aa. "Mimi naona muzuri tu. Na kama ni kweli, ulikuwa unaficha kwa nini? Ulikuwa unamufichia nani? Hao wanapiga huko ni watu ya lugha yako!"

"Mama yangu iko kwenye hema Kanyaruchinya kwa kukimbia hao hao!"

"Théo." Ilikuwa sauti ya Émérance, ndogo kabisa. "Siku ile nilikuuliza."

"Nilikuona unakula, Émé. Sikuweza."

"Sema sasa kwamba unadanganya. Sema unataka tu tukimbie. Sitakasirika."

"Sidanganyi."

"Toka," alisema. "Toka kwetu."

Théogène alitoka. Usiulize alifikaje Ndosho. Wiki hiyo vita iliingia mjini. Wengi wetu tulilala chini ya vitanda, siku kwa siku, bila maji, bila umeme, bila mtandao. Théogène alijaribu namba ya Émérance kila saa, na yule mwanamke wa mtandao alimwambia lile lile. Nilisikia kwamba alimtukana huyo mwanamke. Upande wa pili wa mji Émérance naye alikuwa anapiga, anatupa simu kitandani, anaiokota tena. "Asife," alikuwa anasema, "Mungu, asife kwanza, nitamuchukia baadaye."

Milio ilipopungua, Théogène alichukua sanduku la nyundo na kutembea kwa miguu hadi Keshero. Barabarani aliona mambo ambayo sitayaandika. Aligonga geti. Émérance alifungua, akiwa na kitenge kilichochakaa na nywele hazijasukwa, akapiga ukelele.

"Uko muzima!"

Alimrukia. Walishikana pale getini kama watu wanaozama majini, Émérance akimpiga kifuani kwa ngumi na kumbusu shingoni kwa wakati mmoja.

"Mujinga! Ulikuwa wapi? Nilidhani umekufa!"

"Niko. Niko, mupenzi."

"Usiende tena."

"Siendi. Lakini niache nifanye kazi moja."

Aliomba wamwite mama na Papa Ferdinand. Walipokaa, alipiga magoti mbele ya mlango wa dereva na kutoa kisu cha kukwangulia. Umeme haukuwepo, kwa hiyo alifanya kwa mkono. Alikwangua rangi, ikatoka kwa maganda. Chini yake mastiki ya kijivu, ikaanguka kwa vumbi. Chini yake viraka. Alichukua patasi, akaiweka kwenye ukingo wa kiraka cha kwanza, akagonga. Alikuwa amevilehemu vizuri mno. Kila kimoja kilimchukua muda mrefu na vidole vyake vilitoka damu. Hakuna aliyemwambia apumzike. Tundu la kwanza. La pili. Ilipofika alasiri, matano yote yalikuwa wazi, na mawili ya upande wa pili.

Akafunga uzi. Akaweka kreti.

"Papa, kaa hapa," alimwambia Papa Ferdinand.

Mzee alikaa. Théogène alisukuma ile fimbo kwenye tundu la tatu mpaka ikamgusa mzee mbavuni, na kofia ya mzee ikaanguka. Hakuiokota.

Mama Kambale alikuja, akaingiza kidole kimoja kwenye tundu, akakiacha humo. "Kambale," aliita, kama anamwamsha kwenda shule. Halafu akaketi chini kwenye mawe na kilio chake kikaleta majirani wote. Matanga yalianza saa hiyohiyo, bila mwili, bila picha kubwa, watu wakija mmoja mmoja kwa kuogopa barabara, wakikaa kuzunguka gari kwa sababu hapakuwa na kingine cha kuzunguka.

Siku ya tatu Papa Ferdinand alimvuta Théogène pembeni.

"Mutoto yangu, nilikutukana. Nisamehe. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua, na sisi wote tulikuwa tunaficha. Sasa njia imefunguka. Tukimaliza kilio leta mbuzi wako. Kamba nitashika mimi."

Théogène alimshukuru, akaenda kumtafuta Émérance. Alimkuta nyuma ya nyumba anaosha sahani za wageni. Alimwambia. Émérance aliendelea kuosha.

"Umesikia, Émé? Amekubali."

"Nimesikia."

"Na weye?"

"Tunaenda Butembo na mama," alisema. "Charline anatungoja. Keshokutwa."

"Nitakuja nyuma yenu. Mambo yakitulia."

Émérance alimwaga maji machafu, akaenda kuchota mengine.

Njia ya Butembo iliyobaki ilikuwa ya kuzunguka, kupanda Rutshuru, kuvuka Bunagana, kupita Uganda yote ile mpaka Kasindi, ndipo urudi Kongo. Asubuhi ya safari, kituo kilikuwa kimejaa watu na mabegi. Wachuuzi wa mandazi walikuwa wanapita chini ya madirisha ya basi. Émérance alivaa nyeusi. Mama yake alikuwa ameshapanda, amekaa dirishani, macho mbele. Théogène alibeba begi lao, akaliweka, akashuka.

"Unanichukia," alisema.

"Aka. Ningekuchukia ingekuwa rahisi." Alimshika vidole vilivyofungwa kitambaa. "Ninakupenda mpaka ninaona haya. Lakini miaka miwili na nusu ulikaa pembeni yangu nikimupigia simu mutu amekufa. Ulininunulia unité za kumupigia. Uliniambia ulisikia ikiita."

"Nilitaka usilie."

"Najua. Njo shida yenyewe." Kondakta alipiga bati, akaita watu wapande. Émérance hakumwachia vidole. "Tutapita pale mtaroni leo. Nina swali moja nalala nalo kila siku. Kama alikufa mara moja, ao kama alisikia maumivu, peke yake, akituita. Weye ulipima. Weye unajua."

Théogène alifungua mdomo.

"Hapana, usiseme," Émérance alisema. "Utasema alikufa mara moja. Na mimi sitajua kama ni kweli, ao ni mapenzi. Sasa nitaishije na mutu kama huyo ndani ya nyumba, Théo? Mutoto akiumwa nitakuuliza, na sitajua. Nikizeeka nitakuuliza, na sitajua."

Alimbusu kwenye paji la uso, mbele za watu wote, akapanda.

Théogène alikuwa na jibu. Lile tundu la nne lilikuwa limeelekea moyoni moja kwa moja. Kambale hakuwahi kumwita mtu. Safari hii ulikuwa ukweli mtupu, na alisimama nao chini ya dirisha mpaka basi lilipoondoka, saa tatu na nusu.